Nilifeli gredi 5 ya piano kwa alama mbili, na vipande vyote vitatu vilipasi

Ngoja nianze na karatasi yenyewe maana ndo iliyonifanya niandike hii. Kipande cha kwanza 24, cha pili 22, cha tatu 23. Skeli (nota za kupanda na kushuka kwa mpangilio) 12. Saiti ridingi (kupiga papo hapo nota usizowahi kuziona) 9. Masikio (kusikiliza na kuimba) 8. Jumla 98 kati ya 150, na ili upasi unatakiwa ufikishe 100. Alama mbili jamani. Nilijumlisha kwa kalkuleta ya simu mara tatu nikidhani kuna mtu kakosea hesabu, hamna, hesabu iko sawa, aliyekosea ni mimi, tena nilikosea miezi nane kabla ya siku ya mtihani, ile siku nilipofungua kitabu cha vipande nikaanza kupiga nilichokipenda afu hivyo vingine nikasema vitajipa.

Havikujipa.

Kwa asiyejua, hii mitihani ya gredi inaenda kwa ngazi, kuanzia 1 mpaka 8, na chini ya 1 kuna ya utangulizi kwa wanaoanza kabisa. Unachagua ala yako, unaingia chumbani, kuna mtahini mmoja, unapiga, yeye anaandika, unatoka. Gredi 5 ya piano ni kama dakika 15 hivi na gredi 8 ni nusu saa. Bodi ziko kadhaa, niliyofanya mimi ni ABRSM ya Uingereza, ambayo ipo tangu 1889, kuna Trinity College London, kuna Rockschool ambayo watu wa gitaa la umeme na drams wanaipenda. Hamna sharti la umri na hamna anayekulazimisha uanzie gredi 1, mi sijawahi kufanya 1 wala 2 wala 3 wala 4, nilivamia 5 moja kwa moja nikiwa na ndevu zangu. Siku hiyo nje ya chumba cha mtihani nilikaa benchi moja na mtoto wa begi la katuni, miguu haifiki chini, akaniangalia weee, akaniuliza, "Anko, unamsubiri nani?" Nikamwambia namsubiri mtahini. Akacheka akadhani namtania.

(Naandika "vipande" makusudi, maana nikiandika pisi najua nyie mtaelewa mengine.)

Sasa hesabu ya zile 150, hapa ndo ningependa mtu angenikalisha chini mapema. Vipande vitatu, kila kimoja alama 30, hiyo ni 90. Skeli na arpejio (zile skeli za kurukaruka nota) 21. Saiti ridingi 21. Masikio 18. Ukipata 100 umepasi, 120 ni meriti, 130 ni distinksheni. Kwahiyo alama 60 ziko nje ya vipande, na mi zile 60 nilizipa labda dakika kumi kwa wiki, tena zile dakika za mwisho za kuondoka kwenye piano wakati mtu umeshachoka unataka kwenda kula. Kitu kingine ambacho sikukijua ni kwamba mtahini haanzii 30 akawa anakata kila ukikosea kama mwalimu wa hesabu mwenye kalamu nyekundu. Anaanzia kwenye alama ya kupasi, ambayo kwenye kipande ni 20, afu anapanda au anashuka kutokana na anachosikia. Na sio lazima upasi kila sehemu, kinachoangaliwa ni jumla. Ukikaa na hilo utaona mbona nafasi ipo kubwa tu, mtu anaweza kuboronga sehemu moja na akapita vizuri, shida yangu mi niliboronga tatu.

Na hata kuboronga kwenyewe kuna viwango. Saiti ridingi ukijaribu tu, hata ukapiga vitu vya ajabu, unaondoka na 7. Sifuri ni ya asiyefanya kabisa. Mi nilipata 9, yani zile jasho zote zilikuwa na thamani ya alama mbili juu ya mtu aliyekaa akagusagusa.

Saiti ridingi ni nini? Unapewa nota ambazo hujawahi kuziona maishani, unapewa nusu dakika ya kuziangalia, afu unapiga. Basi. Mara ya kwanza nilikaa ile nusu dakika mikono mapajani, kimya, nakodolea macho karatasi kama mtu anayesoma mkataba wa mkopo, nikidhani ndo heshima. Kumbe ile nusu dakika unaruhusiwa kupiga! Unaweza kujaribu kipande chote au sehemu yoyote kwa sauti na mtahini hahesabu chochote hapo. Mwalimu wangu alishaniambia, nakumbuka kabisa alishaniambia, sema siku hiyo kichwani kulikuwa kumejaa mapigo ya moyo. Afu nilipoanza, baa ya pili (baa ni kile kisehemu cha nota kati ya mistari miwili ya wima) nikakosea, nikarudi nyuma kurekebisha, nikakosea tena palepale, nikarudi, na hapo ndo mapigo ya muziki yakafa kabisa, kikabaki kitu kinachokwendakwenda kama gari lenye maji kwenye mafuta.

Kurudi nyuma ndo ugonjwa wenyewe. Ukiwa nyumbani ukikosea unarudi, ni kawaida, ndo unajifunza hivyo, lakini ukirudi kila siku kwa miezi nane mikono inajua kwamba baada ya kosa kinachofuata ni kurudi, na siku ya mtihani hauwezi kuiambia mikono leo tusirudi. Kwenye saiti ridingi anayesikiliza anataka mapigo yaendelee, nota moja ikidondoka iache idondoke, wewe songa. Mwalimu alinipa zoezi nikaliona la kijinga: nipige mkono wa kulia tu, yeye pembeni anafunika kwa kadi baa ninayoipiga sasa hivi ili macho yawe yameshahamia inayofuata. Kila nikianza kupiga baa, hiyo baa inapotea. Wiki ya kwanza nilikuwa natukana kimoyomoyo. Wiki ya tatu nikaanza kugundua macho yanatangulia yenyewe, na nikikosea sina pa kurudi maana pameshafunikwa, kwahiyo naenda tu.

Akanifundisha na namna ya kutumia ile nusu dakika kwa mpangilio, yani usianze tu kupiga kuanzia mwanzo ukaishiwa muda katikati. Kwanza angalia kii, yani skeli ambayo kipande kimejengwa juu yake, shapu ngapi (alama za kupandisha nota) flati ngapi (za kushusha), meja au maina. Afu mapigo, ni tatu au nne. Afu macho yatembee haraka mpaka uione sehemu mbaya kuliko zote, lazima ipo moja, labda mkono wa kushoto unaruka mbali au kuna nota fupi fupi zimejazana, hiyo ndo uipige. Afu piga baa ya mwisho. Ya mwisho kwanini? Kwa sababu ukishajua unatua wapi unakwenda kwa amani, na mtu akimaliza vizuri kinachobaki masikioni ni hapo mwisho. Hii ya baa ya mwisho ni imani yangu mimi, sio sheria, ila inanisaidia.

Skeli. Aisee, skeli hakuna anayezipenda na mimi sitajifanya. Zinapigwa bila kuangalia kitabu, mtahini anakutajia chache anazotaka yeye kutoka kwenye orodha ya gredi yako, wewe hujui ataita ipi, ndo maana kujua nusu ya orodha ni kama kucheza kamari. Mi kosa langu nilikuwa nazipiga kwa mpangilio uleule wa kitabu kila siku, kwahiyo nilikuwa najua wimbo wa skeli zote kwa pamoja kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, ila ukinidaka ukaniambia nipe ya saba peke yake naganda. Mtahini akaita moja ya katikati ya orodha, nikaanza kuhesabu kichwani nijue inaanzia wapi. 12 kati ya 21.

Round ya pili niliandika majina ya skeli zote kwenye vijikaratasi, nikavitia kwenye kikombe, nikawa nachomoa vitano kila siku. Nikikosea kijikaratasi kinarudi kikombeni, nikipata kinakaa pembeni mpaka Jumapili. Afu nikakaa na moja taratibu kuona hasa mikono inagongana wapi. Chukua C meja ya kawaida tu, mikono miwili inapanda pamoja. Mkono wa kulia gumba linapita chini kwenye F. Mkono wa kushoto gumba linatua G, afu kidole cha tatu kinavuka juu yake kwenda A. Yani nota mbili zinazofuatana, kila mkono una shughuli yake na hazilingani, na hapohapo kwenye F na G ndo skeli ya kila anayeanza inapochechemea, ukisikiliza vizuri utasikia kama mtu amejikwaa kwenye kizingiti. Ila ukiipiga kinyume, mikono inaachana, mmoja unapanda na mwingine unashuka, vidole vinakuwa vilevile kama kwenye kioo, gumba na gumba zinapita pamoja, inateleza tu. Mimi miaka yote nilikuwa naogopa zile za kinyume kwa sababu zinaonekana ngumu kumbe ndo rahisi, na hizi za kawaida nilizokuwa nazidharau ndo zilikuwa zinanitoa roho. Baada ya kuona hilo nikaacha kupiga skeli nzima nzima kama naswaga mbuzi, nikawa napiga E F G A tu, mara nyingi, polepole, mpaka kizingiti kikaisha.

Masikio ndo niliona aibu zaidi, kwa sababu mi ni mtu wa kwaya, nimekua na do re mi, ukiniandikia solfa naimba hata usingizini. Lakini kuimba peke yako chumbani na mtu mmoja usiyemjua amekutolea macho ni kitu kingine. Kwenye gredi 5 mtahini anakupigia melodi fupi mara mbili uiimbe kwa kukumbuka, halafu kuna nota sita zimeandikwa unatakiwa uziimbe kwa kuzisoma, halafu anakupigia kipande anakuuliza maswali, na kutoka kipande hichohicho unapiga makofi mdundo wa sehemu fulani na kusema ni mapigo mawili, matatu au manne. Mi kwenye kuimba nilinong'ona. Kweli kabisa, nilinong'ona kama mtu anayeungama. Baadaye ndo nikaja kujua hawaangalii uzuri wa sauti hata kidogo, wanaangalia kama nota ni yenyewe, unaweza kuguna, unaweza kupiga mluzi. Mluzi! Mtu mwenye baridi kooni anapiga mluzi anapata alama zake.

Zile nota sita za kusoma, kama umepitia kwaya usihangaike na majina ya A B C, anakupigia kodi (nota kadhaa kwa pamoja) ya kii na kukutajia nota ya kuanzia, wewe tafuta do iko wapi, zilizobaki zigeuze solfa kichwani, so mi do re, imba. Silaha ninayo tangu utotoni nikaiacha nyumbani kwa sababu nilidhani kule ndani ni mambo ya watu wa piano na solfa ni mambo ya kwaya.

Swali la kipindi nalo liko hapo, unasikia kipande unaulizwa ni cha mtindo au enzi gani. Sio lazima uwe profesa. Mimi najiuliza mkono wa kushoto unafanya nini. Kama mikono miwili inabishana, kila mmoja una melodi yake na kuna vimapambo vya haraka haraka, nasema baroko. Kama wa kushoto unazungusha kodi nota moja moja kwa adabu chini ya melodi iliyonyooka, klasiki. Kama peda imekanyagwa, sauti zimejaa, na mpigaji anavuta muda kama anayelia, romantiki. Kama nota zinagombana na unashindwa kujua do iko wapi, karne ya 20. Nitakosea, ndio, ila mara nyingi inatiki.

Vipande vyenyewe sina mengi, maana ndo sehemu ambayo kila mtu anaifanyia kazi bila kuambiwa. Kwenye piano unachagua kimoja kutoka kila orodha, A, B na C, A mara nyingi ni vya kasi na vidole, B ni vya kuimba na hisia, C ni mchanganyiko. Ushauri wangu ni mmoja, usichague vyote kwa kupenda, chagua walau kimoja ambacho ukiamshwa saa nane usiku unakipiga. Na usishtuke mtahini akikukatisha katikati, huwa wanaruhusiwa wakishasikia cha kutosha, haimaanishi umeharibu.

Ah, na mpangilio wa sehemu unauchagua wewe. Hili watu wengi hawalijui. Sio lazima uanze na vipande. Mara ya pili nilianza na skeli, makusudi, mikono ilikuwa ya baridi na piano ya pale ilikuwa nzito kuliko ninayoifanyia mazoezi, nikasema ngoja hizi skeli zinifundishe hii mashine kabla sijagusa kitu nikipendacho.

Basi nikarudi. Hamna anayependa kurudia mtihani, tena vipande vilevile, nilivichukia kwa muda kama chakula ulichokula ukaumwa. Lakini miezi ile mitano nilibadilisha kitu kimoja tu, mpangilio wa kukaa kwenye piano: saiti ridingi kwanza, ukurasa mmoja mpya kila siku na ukishapigwa haurudiwi tena, afu vijikaratasi vya skeli, afu kuimba nota sita, vipande mwisho kabisa. Kama siku hiyo muda ukiisha vinavyokatwa ni vipande. Wiki za mwanzo iliuma, nilikuwa naviangalia kama mtu aliyekatazwa soda.

Siku yenyewe skeli ziliitwa, moja nikaanza vibaya, nikasimama, nikasema samahani, nikaanza upya, hiyo inaruhusika, sio mwisho wa dunia. Saiti ridingi ikaja, ilikuwa na shapu mbili, mapigo matatu, nikapitisha macho nikaona baa ya sita mkono wa kushoto unaruka chini kabisa, nikaipiga hiyo, nikapiga ya mwisho, sekunde zikaisha. Nikaanza taratibu. Baa ya nne nikakosea nota mbili, na mikono, jamani, mikono ilitaka kurudi, niliisikia kabisa inataka, ila macho yalikuwa yameshafika baa ya tano. Nikaenda. Ya sita ikakaa. Nikamaliza.

Karatasi ya pili: vipande 23, 24, 21. Skeli 17. Saiti ridingi 15. Masikio 14. Jumla 114. Angalia vipande hapo, jumla 68, mara ya kwanza vilikuwa 69. Yani kwenye nilichokipenda nilishuka alama moja, na nikapasi kwa kupanda kwa 16.

Kwa wanaofikiria bodi nyingine, hesabu zinatofautiana. Trinity ni kati ya 100, unapasi kwa 60, meriti 75, distinksheni 87, na unachagua baadhi ya vipimo vya pembeni mwenyewe, mtu wa kuogopa saiti ridingi kwenye gredi za chini anaweza kuikwepa. Na ABRSM wenyewe tangu 2020 wana gredi za onyesho, unajirekodi video ukipiga vipande vinne mfululizo bila kukata, cha nne unachagua mwenyewe, hamna skeli wala masikio, na alama 30 zinaenda kwa onyesho zima lilivyokaa. Jamaa yangu mmoja alikimbilia huko akidhani ni mteremko, akarekodi mara 19 kwa siku moja kwa sababu kila akifika kipande cha nne anakosea kitu. Ya 19 ndo aliyotuma, kachoka hata tabasamu hana.

Sasa mi ABRSM wameniwekea geti, huwezi kufanya gredi 6 kuendelea kabla hujapasi gredi 5 ya nadharia au mbadala wake. Mtihani wa kompyuta, alama 75, kupasi 50. Kwahiyo saa hizi nahangaika na klefu ya C (klefu ni ile alama ya mwanzo wa mistari inayokuambia nota ipi iko wapi), ile ambayo C ya kati kwenye klefu ya alto inakaa mstari wa tatu na kwenye klefu ya tenor inakaa mstari wa nne, jana nimebishana na nota moja dakika kumi kumbe nilikuwa nasoma klefu ya jirani. Kitabu cha vipande vya gredi 6 nimeshanunua. Nimekifungua mara moja tu, kuangalia, nikakirudisha kwenye kabati.

Mara mbili.